Mkutubi wa miaka 22 haugusi mfumo mpya: nimfanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34, na tangu mwaka jana ndimi mkuu wa maktaba ya chuo. Nina watumishi 9. Kati yao kuna mama aliyeorodhesha vitabu kwa miaka 22, na ndiye aliyenipokea nilipokuja hapa nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Tumehamia mfumo wa kompyuta na tunajenga hifadhi ya kidijitali ya tasnifu. Yeye haugusi. Kazi yote inafanywa na kijana wetu wa kompyuta, na nasikia anatafuta kwingine. Waliobaki wanangoja semina, na wakienda wanarudi vilevile. Fedha za mafunzo ni kidogo. Nianzie wapi? Na makabati ya kadi za zamani za kuorodheshea vitabu, niyatupe?

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani unalalamika kwamba watu wako hawajui. Mara ya pili nikaona kwamba mama anajua sana, ila anachokijua hakijapata pa kukaa ndani ya mfumo mpya. Kijana anajua, lakini anajua peke yake. Na wale 7 waliobaki hakuna aliyewahi kuwauliza wanajua nini. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na semina haitibu hata moja.

Kabla sijakushauri, nikupe aibu yangu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, maktaba niliyokuwa naiongoza ilihama kutoka kadi kwenda kompyuta. Nikaleta mkufunzi kwa siku 3. Tulikuwa watu 14, kompyuta 4. Siku ya mwisho tukapiga picha, vyeti vikagawiwa, nami nikaandika kwenye taarifa kwamba watumishi wote wameiva. Wiki kama 6 baadaye nikashuka jioni kwenye dawati la kuazimisha kutafuta kalamu, nikafungua droo, nikakuta daftari kubwa la mistari: jina la msomaji, namba ya kitabu, tarehe. Kumbe mchana kutwa walikuwa wanaandika humo, kisha saa kumi na moja jioni binti mdogo kuliko wote anaketi na kuyaingiza yote kwenye mfumo kwa niaba ya watu 5, kwa nywila moja. Takwimu nilizokuwa napeleka juu kila mwezi zilionesha kwamba wasomaji wetu karibu wote huazima vitabu kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilihamaki. Kesho yake nikamwita mmoja wao, mtu mzima anayeheshimika, tukakaa wawili. Akaniambia taratibu: "Siku zile 3 mimi sikushika kipanya hata mara moja. Vijana walikaa mbele, sisi tukasimama nyuma yao. Ulipouliza kama tumeelewa, ulitaka niseme nini mbele ya watoto?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo la kwanza: kwa mwezi mmoja usiitishe mafunzo yoyote. Chukua nusu siku kwa kila mtumishi, ukae naye pale anapofanyia kazi, na uandike vitendo anavyofanya. Usiandike cheo chake. "Mkutubi msaidizi" hakikuambii kitu. "Anapokea magazeti, anagonga mhuri, anapigia simu mgavi toleo lisipofika, anawaonesha wanafunzi wapya choo kilipo" kinakuambia mengi. Ukimaliza watu 9 utakuwa na karatasi yenye vitendo 60 au 80. Ndipo uulize juu ya kila kimoja: kinaendelea, kinakufa, au kinabadilika sura? Utashangaa vinavyokufa ni vichache. Vingi vinabadilika sura, na mtu anayevifanya hajaambiwa sura mpya ikoje.

Sasa tuje kwa mama, kwa sababu ukimpata yeye wengine watafuata.

Mfumo mpya una kipengele cha kuvuta kumbukumbu za vitabu kutoka maktaba nyingine. Kitabu kilichomchukua dakika 40 kukiorodhesha sasa kinaingia kwa kubofya mara mbili. Yeye analiona hilo kila siku, na hakuna aliyekaa naye kulizungumza. Ungekuwa wewe, ungeukimbilia mfumo huo?

Fanya hivi. Siku tulivu, mkalishe mbele ya skrini, wawili tu, na wewe ndiye ushike kipanya. Andika "kompyuta" kwenye sehemu ya kutafutia mada. Tuseme vinatoka vitabu 11. Kisha andika "tarakilishi". Vinatoka vingine 9, tofauti kabisa. Kisha andika "ngamizi", vinaibuka vingine 3 vya zamani. Mwanafunzi anayeandika neno moja anaondoka akiamini maktaba ina vitabu 11, na vile 12 vimelala rafuni bila mtu kujua. Usiseme kitu. Mwachie aangalie. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 22 atakwambia mwenyewe: "Hapa hakuna kadi za tazama."

Ndiyo. Kadi za "tazama" na "tazama pia", zile ambazo amekuwa akizichapa tangu ujana wake. Mfumo unazo pia, una mahali pake maalumu ambapo umbo moja la jina au la mada linakubaliwa na maumbo mengine yote yanaelekezwa huko. Kijana wa kompyuta anaweza kuulisha mfumo kumbukumbu 10,000 kwa usiku mmoja, lakini kuamua lipi liwe neno kuu na yapi yawe ya kuelekeza hajafundishwa, na si kosa lake. Katika hifadhi ya tasnifu mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kule wanafunzi hujaza taarifa wenyewe. Msimamizi mmoja utamkuta ameandikwa kwa jina la ukoo kwanza, kisha kwa herufi za mwanzo, kisha "Dkt.", kisha "Prof.", na mfumo unadhani ni watu 4. Hapo ndipo pana kazi ya mama, na ni kazi ya miaka. Mpe kwa maandishi, iingie kwenye majukumu yake rasmi, yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya majina na mada katika mifumo yote miwili. Usimpe kama fadhila ya kumliwaza. Akihisi unamliwaza umeharibu.

Fani yetu imeshapita hapa zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa karne ya 19, vyuo vya ukutubi vya Marekani vilifundisha mwandiko maalumu wa maktaba, herufi za mviringo zilizosimama wima, ili kadi aliyoiandika huyu isitofautiane na ya yule. Watu walifanya mazoezi ya mwandiko kwa saa nyingi, kisha taipureta ikaja. Mwaka 1901 Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, ikaanza kuziuzia maktaba nyingine kadi zilizochapwa tayari, na naamini palikuwa na mkutubi mahali fulani aliyeziangalia zile kadi kama mama anavyouangalia mfumo wako. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, aliyekuwa mwandishi wa programu na hakusomea ukutubi, aliongoza kazi ya kuunda MARC, muundo ambao kumbukumbu zako zimeandikwa ndani yake mpaka leo. Inasimuliwa kidogo sana kwamba alianza kwa kukaa na waorodheshaji na kujifunza kila kitu kilichomo kwenye kadi. OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba lililokuwa likizichapia maktaba kadi, lilichapa kadi zake za mwisho Oktoba 2015. Ni juzi tu.

Namna ya kumfundisha kutumia chombo chenyewe ina adabu yake. Yeye alikupokea ukiwa mwanafunzi, leo wewe ndiye unayesaini likizo yake. Hilo usilikwepe, lisemeni. Mwambie waziwazi kwamba kuna mambo bado unamtegemea yeye, na kuna mambo ambayo wewe kama mkuu huwezi kuyaacha yalivyo, na mfumo ni mojawapo. Watu wazima wanavumilia ukweli wa namna hiyo kuliko kuzungukwa.

Kisha umwunganishe na kijana, lakini kwa kubadilishana. Saa 2 kwa wiki, mlango umefungwa. Saa ya kwanza kijana anamwonesha mfumo, mkono wa mama ukiwa kwenye kipanya. Saa ya pili mama anamfundisha kijana jinsi ya kukisoma kitabu ili kukipa mada: ukurasa wa jina, utangulizi, yaliyomo, faharasa, na kwa nini jalada hudanganya. Kila mmoja ni mwalimu na kila mmoja ni mwanafunzi. Usimtangaze kijana mbele ya kikao kuwa ndiye mkufunzi wa mama. Nimeona maktaba ikigawanyika makundi mawili kwa sentensi moja ya namna hiyo, na ilichukua miaka kuunganika tena.

Muda ndio utakaokusumbua kuliko fedha. Mwongozo wa IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, wa mwaka 2016 kuhusu kujiendeleza kitaaluma unashauri takribani asilimia 10 ya saa za kazi zitengwe kwa ajili ya kujifunza, na kati ya asilimia 0.5 na 1 ya bajeti ya taasisi iende kwenye kuendeleza watumishi. Piga hesabu: wiki ya saa 40 inatoa saa 4 kwa mtu, na kwa watu 9 ni saa 36, karibu wiki nzima ya mtumishi mmoja. Ndiyo maana wakuu wengi wanaukubali mwongozo huo mdomoni halafu wanauweka kabatini. Wewe anza na saa 2. Lakini ziwe saa zilizoandikwa kwenye ratiba ya zamu kama dawati linavyoandikwa, asiwepo mtu wa kuitwa katikati kwenda kutafuta kitabu kilichopotea. Fungua takwimu za kuazimisha uone saa gani wasomaji ni wachache (kama takwimu zako ni za kweli, tofauti na zangu za enzi zile), uziweke hapo. Mkubwa wako akiuliza kwa nini watu wamejifungia chumbani, mpe ukurasa wa mwongozo.

Kuhusu semina sitasema mengi. Kila maktaba ina wale wawili wanaokwenda kila mwaka, na kila mtu anajua ni kwa nini. Weka sharti moja: anayekwenda anaondoka na tatizo moja la maktaba yenu mfukoni, na ndani ya wiki 2 baada ya kurudi analitatua huku wenzake wawili wakitazama. Hakuna haja ya ripoti ya kurasa 6 ambayo hata wewe hutaisoma. Sharti hilo peke yake litapunguza waombaji, na watakaobaki ndio uliokuwa unawatafuta.

Kijana wa kompyuta ataondoka. Panga ukijua hivyo. Watu wenye ujuzi wake wanatakiwa kila mahali, na ngazi ya maktaba ni fupi, baada ya vyeo viwili anagonga dari. Mpandishe unavyoweza, mpe mradi wenye jina lake, mwache aandike na kuwasilisha kazi ya hifadhi yenu mbele ya wanataaluma wengine. Hayo yatamweka mwaka mmoja, pengine miwili. Lakini leo hii mwulize maswali 4 na uandike majibu: nywila za wasimamizi wa mfumo zinatunzwa wapi zaidi ya kichwani mwake? Nakala rudufu inafanywa lini, na inakaa nje ya jengo? Mara ya mwisho kuirejesha nakala hiyo kwa majaribio ilikuwa lini? Nani mwingine anaweza kuuzima na kuuwasha mfumo? Swali la tatu ndilo linaloumbua wengi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Halafu mpe likizo ya siku 14, likizo ya kweli, simu yake isipigwe. Andika kila kinachokwama. Orodha hiyo ndiyo mtaala wa mafunzo ya mtu wa pili, na haikugharimu kitu. Kama mfumo wenu ni Koha, ambao ulizaliwa New Zealand na ukaanza kutumika Januari 2000, unayo bahati: ni programu huria, miongozo yake iko wazi mtandaoni, na jumuiya ya watumiaji wake hujibu maswali. Mtu wa pili anaweza kujifunza mengi bila ada, mradi apate zile saa 2.

Kuna watu hukuwataja hata kwa neno katika barua yako: wahudumu wa rafu na wa mlangoni. Wao ndio wanaoulizwa kwanza. Mwanafunzi hapandi ghorofani kumtafuta mkutubi mwenye shahada, anamuuliza aliye karibu anayepanga vitabu. "Samahani, vitabu vya historia viko wapi?" Mhudumu ananyoosha kidole: kule, rafu za 900, namba ya historia katika mpangilio wa Dewey. Mwanafunzi anakwenda, anazunguka, anatoka. Kumbe alikuwa anataka jedwali moja la idadi ya watu kwa ajili ya kazi ya kesho, na halikuwa katika historia bali katika takwimu, 310. Mhudumu akifundishwa swali moja tu la nyongeza, "unaandika juu ya nini?", huduma yako ya marejeo inaongezeka maradufu bila kuajiri mtu. Wafundishe hilo kwa kuigiza, mmoja awe msomaji anayeficha anachotaka, mwingine amchokonoe kwa upole. Watacheka sana, na watajifunza. Na uwasikilize: waombe kwa wiki moja waandike kila swali waliloulizwa. Hakuna mshauri mwelekezi atakayekupa picha ya wasomaji wako iliyo sahihi kama daftari hilo.

Najua utaniuliza habari ya akili unde, maana kila anayeniandikia siku hizi anaiuliza. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, madawati ya maktaba yamepata mgeni mpya: mwanafunzi mwenye orodha nzuri ya marejeo ambayo hayapo. Jina la makala linavutia, mwandishi ni mtu wa kweli, jarida ni la kweli, lakini makala hiyo haikuandikwa kamwe. Wasaidizi wako watapoteza asubuhi nzima wakiitafuta, kisha watamwomba radhi mwanafunzi kwamba maktaba haina.

Sasa mwite mama. Mpe rejeo linalosema jalada (juzuu) la 12, mwaka 2019, na jarida lenyewe lilianza 2015 likitoa jalada moja kwa mwaka. Kabla hujamaliza kusoma atakwambia haiwezekani, 2019 ni jalada la 5. Amekagua namba hizo maisha yake yote. Mwambie awafundishe wenzake njia anayopitia: jarida lilianza lini, linatoa majalada mangapi, kurasa zinaendana na toleo, namba ya utambulisho ya makala inafungua ukurasa gani. Nusu saa inatosha. Nadhani hiyo ndiyo siku ambayo kijana ataacha kumwita "mama wa kadi" akidhani hasikii.

Kwenye tathmini ya mwisho wa mwaka achana na kuhesabu kozi. Muulize kila mtu jambo moja: nioneshe kitu unachoweza kufanya leo ambacho Januari hukukiweza. Akuoneshe, kwa mikono, mezani pake. Na wewe uwe na chako cha kuonesha. Mkuu anayejifunza kwa siri huwafundisha watu wake kuficha wasichokijua, na nadhani daftari langu la drooni lilianzia hapo.

Na kama baada ya yote hayo mtu bado anakataa? Wapo. Kama amepewa muda ulioandikwa, mwenza, faragha, na kazi yenye maana, na miezi 6 imepita bila yeye kugusa kitu, basi hilo si suala la mafunzo tena, ni suala la wajibu, na linafuata taratibu za utumishi: mazungumzo yanayoandikwa, lengo lenye tarehe, kisha barua. Usiliogope na usiliharakishe. Katika miaka yangu nimefika huko mara 2 tu, na mara zote mbili wenzake walikuwa wameshachoka kumbebea mzigo kabla mimi sijaamua.

Makabati ya kadi usiyatupe bado. Vuta droo yoyote, geuza kadi 20, utazame migongo yake. Waorodheshaji wa zamani walikuwa wakiandika kwa penseli: nani alikitoa kitabu kama zawadi, nakala ya pili ilipotea lini, kurasa zipi zimekatika, kitabu gani kilikuwa kikiitwa jina jingine. Zilipohamishiwa kwenye kompyuta, mara nyingi uso wa kadi ndio ulioingizwa, mgongo ukaachwa. Waweke mama na kijana wapite droo moja kwa wiki katika zile saa zao 2, mama akisoma penseli, kijana akichapa. Droo ikiisha, itoe. Kabati lenyewe omba ruhusa uligawe, maana droo zile zinafaa sana kuwekea nyaya.